Mausi inaruka, kibodi inarudia herufi: kabla ya kulaumu mnara, tazama tundu la bluu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina stationery Malimbe, Mwanza, karibu na chuo. Nilinunua seti mbili za kibodi na mausi zisizo na waya, za aina moja, nikaziweka kwenye kompyuta mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye kaunta. Asubuhi zinakwenda vizuri. Jioni wanafunzi wakijaa, mausi inaganda kisha inaruka, na kibodi inakula herufi au inazirudia: naandika "Mkuu" inatoka "Mkkkkkuu". Spika ya Bluetooth nayo inakatakata. Fundi wa kwanza alinishauri nipige Windows upya, nikapiga, hali ni ileile. Wa pili anasema seti mbili za aina moja lazima zigombane, kwa hiyo niuze moja. Jirani anasema ni mnara wa simu ulioko mlimani. Vitu vingine ninavyotumia ni diski ya nje ya kuhifadhi kazi za wateja, na kidude cha Wi-Fi cha kupokea intaneti kutoka kwenye simu yangu. Je, nirudi kwenye vifaa vya waya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa usumbufu. Usiuze seti yoyote, na Windows usiipige tena. Vile vitu viwili ulivyovitaja mwishoni, diski ya nje na kidude cha Wi-Fi, kwangu mimi ndivyo vya kwanza kutazamwa. Nakisia kwamba vyote viwili umevichomeka mbele ya boksi la CPU, na kipokezi cha kibodi na mausi, kile kidude kidogo cha USB kilichokuja na seti, kipo hapo hapo ubavuni mwao. Ni mahali pazuri kwa mkono, hulazimiki kuinama chini ya meza. Kwa mawimbi ya redio, hapo ni pabaya kuliko pote dukani kwako.

Kwanza tuondoe jambo moja ambalo mafundi wengi wanaliruka. Mausi inayoruka si lazima iwe na tatizo la mawimbi. Inajua inakokwenda kwa kupiga picha za uso wa meza kwa mwanga ulio tumboni mwake, picha nyingi mno kila sekunde, kisha inalinganisha picha moja na inayofuata. Juu ya kioo kitupu haina alama ya kuifuata, na kaunta nyingi za stationery ni aluminiamu na kioo. Chukua karatasi moja ya A4 uiweke chini ya mausi. Ikitulia, tatizo lilikuwa kioo na hutakuwa na haja ya kusoma yanayofuata. Igeuze pia uchungulie kwenye tundu la mwanga. Huku kwetu ziwani, msimu ule wadudu wadogo wanapoinuka majini na kuvamia kila penye taa, tundu hilo ni moja ya mahali wanapokwenda kufia. Brashi laini inatosha kulisafisha, au pulizia tu.

Lakini kwako sidhani kama ni kioo, kwa sababu kibodi nayo inaugua, na kibodi haina habari na kioo. Kibodi na mausi zinazotumia kipokezi kimoja zikisumbua kwa wakati mmoja, tatizo liko hewani kati yao na kipokezi, au liko palipochomekwa kipokezi. Ikisumbua moja tu, anza na ile moja: betri yake, tundu lake la mwanga, vibonyezo vyake. Na kama herufi inayojirudia ni ileile kila siku, hiyo siyo hewa kabisa, ni kibonyezo kilichomwagikiwa soda.

Sasa hiyo "Mkkkkkuu" yako. Ukibonyeza K, kibodi inatuma ujumbe kwamba K imebonyezwa. Ukiinua kidole, inatuma ujumbe mwingine kwamba K imeachiwa. Ujumbe wa pili ukichelewa au ukipotea, kompyuta inaamini kidole bado kipo palepale, na inafanya inavyofanya siku zote mtu akishikilia herufi, yaani inairudia mpaka ipate habari nyingine. Ukipotea ule wa kwanza, herufi inaliwa. Vifaa hivi huwa vinatuma tena ujumbe usipojibiwa, kwa hiyo usumbufu mdogo hutauona. Ukiona herufi zinarudiwa mara kwa mara, jua hewa imechafuka kiasi kwamba hata majaribio ya pili na ya tatu hayapiti. Mausi nayo ni hivyo hivyo: nyingi zinatoa taarifa zipatazo 125 kwa sekunde, na zikikosekana chache mfululizo unaona mshale umeganda, kisha unatokea mbali na pale ulipouacha. Windows mpya haiwezi kusafisha hewa. Fundi wako wa kwanza alikupotezea siku.

Hewa hiyo inachafuliwa na nani? Kibodi na mausi zako, Bluetooth, na Wi-Fi ya kawaida vyote vinatumia kanda moja ya masafa, ile ya gigahezi 2.4, inayoanzia megahezi 2400 na kuishia 2483.5. Ni kanda ya wote, vifaa vya nguvu ndogo vinaitumia bila kila mwenye kifaa kukata leseni yake, na ndiyo sababu imejaa. Watengenezaji walilijua hilo, wakavipa vifaa akili ya kukwepana. Kinachoharibu mambo ni kelele ya kitu ambacho hakikukusudiwa kabisa kurusha mawimbi, na hapo ndipo inapoingia diski yako.

Tazama tundu ulilochomeka diski. Kama ndani yake ni bluu, au pembeni pana herufi SS, hilo ni tundu la USB 3.0. Data inapita humo kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na umeme unaobadilika kwa kasi hiyo unatoa kelele ya redio inayotapakaa kutoka masafa ya chini hadi karibu na gigahezi 5. Gigahezi 2.4 imo katikati ya mtapakao huo. Kelele inavuja kwenye tundu, kwenye plagi, kwenye waya wa diski hasa ule wa bei rahisi usiofungwa vizuri kwa ndani, na kwenye boksi la diski lenyewe. Haya si maneno ya mafundi wa vichochoroni. Mwaka 2012 kampuni ya Intel, ambayo ni miongoni mwa walioiunda USB yenyewe, ilitoa waraka unaoeleza vipimo vyake: ukichomeka diski ya USB 3.0, kelele katika kanda ya gigahezi 2.4 karibu na hapo inaweza kupanda kwa karibu desibeli 20. Desibeli 20 maana yake ni nguvu mara 100. Waraka huohuo ulieleza jinsi mausi isiyo na waya inavyoanza kusuasua kipokezi chake kikiwa jirani na diski ya namna hiyo.

Mausi yako inarusha nguvu ndogo sana, miliwati moja hivi, ili betri idumu miezi. Kipokezi chake kinajaribu kuisikia kikiwa kimebanwa na tundu la bluu. Ni kama kumsikiliza mtu anayekunong'oneza bei ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, huku lori limewashwa ubavuni mwako. Mnong'onaji hana kosa na masikio yako hayana ugonjwa. Sogea mbali na lori.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ninayokuandikia ni waya wa kurefusha USB, ule mfupi mweusi wenye plagi ya kuchomeka upande mmoja na tundu upande wa pili. Mita moja inatosha. Uchukue wa USB 2.0, maana kipokezi hakihitaji zaidi ya hapo. Uchomeke kwenye tundu jeusi nyuma ya CPU, uupitishe juu ya kaunta, na mwisho wake wenye kipokezi uufunge kwa selotepu nusu mita hivi kutoka kwenye kibodi, mahali kinapoonana na mausi bila kizuizi. Unafanya mambo mawili kwa mpigo: unakitoa kipokezi kwenye kelele, na unakisogeza karibu na wanaosema nacho. Umbali una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwenye eneo la wazi ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayofika inabaki kama robo. Kutoka sentimita 3 hadi sentimita 60 kelele ya diski haina ubavu tena.

Ila usiende mjini kununua waya leo. Hakikisha kwanza. Jioni, mausi ikiwa imeanza vituko vyake, subiri diski imalize inachonakili, iondoe kwa utaratibu wa Windows, kisha ichomoe kabisa. Kuizima tu bila kuuchomoa waya kunaacha shaka. Andika sentensi mbili tatu. Mambo yakitulia palepale, umempata. Irudishe, safari hii kwenye tundu jeusi la USB 2.0. Humo itakwenda kwa megabiti 480 kwa sekunde, utaona kunakili kunachukua muda mrefu zaidi, lakini ile kelele ya gigabiti 5 haitakuwepo. Mausi ikiendelea kutulia, huhitaji ushahidi mwingine. Kwa kazi za stationery, za Word na PDF, unaweza hata kuiacha diski humo humo ukasahau habari ya waya. Faili la taarifa ya utafiti la kurasa 80 halikuchoshi kusubiri. Anayenakili video za harusi ndiye atakayelalamika.

Hilo la jioni nataka ulifikirie vizuri, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu. Jioni wanafunzi wanajaa, kila mmoja na simu yake, na akili inakwenda moja kwa moja kwenye simu zao. Lakini jioni hiyohiyo ndipo na wewe unapochomeka diski ili umtafutie mteja kazi yake ya wiki jana, ndipo intaneti inapofanya kazi kwa nguvu, ndipo spika inapofunguliwa. Vitu vinne vinatokea kwa pamoja, na mtu akitazama kwa jicho moja atalaumu kile kinachoonekana zaidi, yaani umati. Kitenganishe kimoja kimoja. Badilisha kitu kimoja, jaribu, kirudishe, ndipo uende kwenye kingine. Fundi anayechomoa vitu vitatu kwa mkupuo atakutengenezea lakini hatajua alichotengeneza, na wiki ijayo utamwita tena.

Diski ikionekana haina hatia, au hali ikitulia nusu tu, geukia kidude cha Wi-Fi. Hiki tofauti na diski ni kirushaji hasa, na kinaruhusiwa kurusha nguvu inayoweza kufika miliwati 100 kwenye kanda ileile ambayo mausi inatumia miliwati moja. Vikichomekwa ubavu kwa ubavu, kila Wi-Fi inapozungumza kipokezi cha mausi kinazibwa masikio. Utaona dalili yake: mausi inatulia ukisoma tu, inasumbua ukipakua faili au ukifungua video. Jaribu kupakua kitu kikubwa huku ukizungusha mshale, kisha sitisha upakuaji. Ukiona tofauti, ndicho chenyewe.

Na dawa yake haina gharama. Intaneti yako inatoka kwenye simu, na simu nadhani iko hapo hapo kaunta kwa ajili ya miamala. Sasa kwa nini ipite hewani kwenda sentimita 40? Chukua waya wa kuchajia ambao unapitisha data, uunganishe simu na kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, uwashe ile ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao, kidude cha Wi-Fi unakichomoa ukakiweke kwenye droo, na simu inachaji wakati huohuo. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ya pili itakosa intaneti mpaka uigawie kutoka ya kwanza. Kama ni lazima ubaki na hotspoti, simu nyingi za Android za miaka hii zinakuruhusu kuchagua kanda ya gigahezi 5 badala ya 2.4. Ichague, ilimradi na kidude chako kinaielewa kanda hiyo. Vile vidogo kabisa vya bei ya chini vingi haviielewi, na utajua kwa sababu hotspoti itapotea kwenye orodha ya mitandao. Hapo irudishe 2.4 na umalize kwa umbali: kidude cha Wi-Fi nyuma ya CPU, kipokezi cha mausi juu ya kaunta kwa waya wa kurefusha.

Fundi wako wa pili, aliyesema seti mbili za aina moja lazima zigombane, ana hoja iliyopitwa na wakati. Zamani kulikuwa na kibodi na mausi za megahezi 27, zenye chaneli moja au mbili tu, na kweli ukiweka mbili jirani mshale wa huyu ulifuata mkono wa yule. Za siku hizi za gigahezi 2.4 kila kipokezi na kifaa chake vimefungamanishwa kwa namba yao tangu kiwandani. Kipokezi kikisikia ujumbe usio na namba yake kinaupuuza. Zinaweza kupigana vikumbo hewani mara mojamoja, lakini ujumbe wenyewe ni mfupi mno na unarudiwa haraka, hutahisi kitu. Ofisi zinaendesha mausi nyingi namna hii katika chumba kimoja.

Kinachotokea kweli kwa seti mbili za aina moja ni cha kuchekesha zaidi: watu wanabadilishana vipokezi bila kujua. Jioni umefunga, msaidizi wako amesafisha kaunta, kesho yake kibodi ya kompyuta ya kushoto inaandika kwenye skrini ya kompyuta ya kulia, au mausi imesogezwa mpaka ng'ambo ya kaunta na kipokezi chake kimebaki upande wa pili nyuma ya chuma. Paka rangi ya kucha: tone jekundu kwenye kipokezi, kibodi na mausi za kompyuta ya kwanza, rangi nyingine kwa za pili. Utajishukuru siku nyingi.

Kuhusu mnara wa simu nitapita haraka. Minara ya simu inarusha kwenye masafa yake yaliyopangwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, nje ya kanda hii ya wote, na ingekuwa ndiyo inayokusumbua ingekusumbua asubuhi pia, maana mnara haulali mchana ukaamka jioni. Halikadhalika majabali yetu ya Mwanza, ambayo nayo hulaumiwa. Kuna mteja mmoja wa upande wa Mabatini aliyekuwa na hakika kwamba mwamba uliopo nyuma ya nyumba yake unarudisha mawimbi ndani na kuvuruga kompyuta. Mwamba unaziba mawimbi, kweli, ndiyo maana nyumba nyingine huku mjini simu zinashika upande mmoja tu wa chumba. Lakini kati ya mausi na kipokezi kilichopo kaunta moja hakuna mwamba.

Aluminiamu ndiyo ipo. Kama CPU umeiweka chini, ndani ya kabati la kaunta, na kipokezi kiko nyuma yake, basi mawimbi yanatakiwa kupita ukingo wa aluminiamu, bati la boksi la CPU, na pengine tumbo la mtu aliyekaa katikati. Mwili wa binadamu, kwa maji yaliyomo, unameza vizuri sana mawimbi ya gigahezi 2.4. Hili nalo linamalizwa na waya uleule wa kurefusha, na ndiyo maana nauandikia karibu kila mtu hata kabla sijajua anaumwa nini.

Wanafunzi sasa. Sikatai kwamba wana mchango. Hosteli za Malimbe zimebanana, na jioni kila chumba kina ruta au hotspoti. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina chaneli 13 kwa sehemu kubwa ya dunia, lakini zimepandana: chaneli moja inachukua upana wa megahezi 20 hivi, na kutoka namba moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu. Zisizogusana ukizipanga ni tatu, namba 1, 6 na 11. Mausi na Bluetooth zinarukaruka zikitafuta upenyo kati ya hizo. Bluetooth ya kawaida inaruka mara 1,600 kwa sekunde kwenye chaneli 79, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inajifunza kuzikwepa zile zilizojaa. Kwa hiyo umati peke yake unakupunguzia nafasi, haukufungii. Nafasi ikishapungua, ndipo kelele ya diski inapomalizia. Ndiyo maana diski hiyohiyo asubuhi unaweza kuichomeka usione kitu, jioni ukaona. Kuwafukuza wanafunzi huwezi, ni wateja. Diski unaweza kuisogeza.

Kama siku moja utaweka ruta yako mwenyewe, usiipandishe juu ya CPU kama wengi wanavyofanya. Iweke ukutani, mita moja au mbili mbali na kipokezi. Pakua kwenye simu programu yoyote ya kuonyesha chaneli za Wi-Fi, itazame jioni wakati wa msongamano, kisha uiweke ruta kwenye ile kati ya 1, 6 na 11 yenye watu wachache. Usikubali kuweka chaneli 3 au 8 ukidhani umewakwepa wengine, hapo umejiweka katikati ya wawili na wote watakuumiza nawe utawaumiza. Upana uwe megahezi 20, si 40. Vifaa vinavyoielewa gigahezi 5 vyote vihamie huko.

Spika ya Bluetooth inakatakata kwa sababu zilezile. Kama Bluetooth ya kompyuta inatoka kwenye kidude kingine cha USB, hicho nacho kiondoe jirani na diski. Lakini spika iko dukani, haisogei, na ina tundu la waya wa sauti. Mimi ningeichomeka waya nikamaliza. Kwa nini uipe kazi hewa iliyokwisha kujaa?

Mikrowevu pia inatajwa sana kwenye habari hizi, na ni kweli inafanya kazi kwenye gigahezi 2.45 na inavuja kidogo. Mausi ikisumbua pale tu mgahawa wa jirani unapopasha chakula, utajua. La sivyo usipoteze muda nayo.

Betri usizidharau. Betri iliyochoka inatoa dalili zilezile kabisa za hewa chafu, kwa sababu sauti ya kifaa inapungua. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa ajili ya saa za ukutani na rimoti huishiwa mapema kwenye kibodi inayopigwa kutwa. Nunua alkalaini, ubadilishe za kibodi na mausi kwa pamoja, uandike tarehe kwa kalamu ya maka kwenye betri yenyewe. Ukitumia za kuchaji ni sawa, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo taa au programu inaweza kukuonya kwamba chaji ni ndogo wakati bado ipo. Na tofautisha hili na mausi inayolala: usipoigusa kwa muda inapunguza matumizi, ukiishika inachukua nukta moja kuamka. Hiyo ni tabia yake, si ugonjwa. Ikiwa kuamka kunachukua muda mrefu, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uzuie kompyuta isizime matundu ya USB ili kuokoa umeme.

Nimebakiza swali lako la mwisho, kama urudi kwenye vifaa vya waya. Mausi zibaki kama zilivyo, kaunta inapumua bila nyaya na ukishafanya marekebisho haya zitakutumikia. Kibodi ni habari nyingine. Duka lako ni mahali watu wanapokuja kujaza maombi ya mkopo na ya ajira, na wengi wanakutajia nywila zao uwaandikie. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ilionyesha kwamba vipokezi vya mausi na kibodi vya makampuni kadhaa makubwa vingeweza kudanganywa kutoka mbali, mtu akapenyeza herufi zake kwenye kompyuta kana kwamba ameketi mbele yake. Tangu hapo baadhi wamerekebisha, lakini seti isiyosema popote kwenye boksi kwamba inasimba inachotuma, yaani inakificha kwa msimbo, mimi nisingeiandikia nywila ya mteja. Kwenye kompyuta unayojazia fomu weka kibodi ya waya, ni ya bei ndogo na inadumu. Kompyuta ya uchapaji tu iache na seti yake, kipokezi juu ya kaunta.